Siku Foleni Alipoacha Gari Kwenye Mstari

Nje ya uwanja wa ndege, ukikata kushoto kwenye mzunguko wa mwisho, kuna kiwanja kilichozungushiwa uzio wa waya ambako dereva aliyekuja kuchukua abiria anaruhusiwa kusubiri bila kulipa. Kibao chake kina maneno mengi, lakini sisi madereva tunapaita Bure. Mtu akikupigia simu kuuliza uko wapi, unamjibu, "Niko Bure," na mke ambaye hajazoea anaweza kudhani umeachishwa kazi.

Masharti ya Bure ni machache. Gari lisikae bila mtu. Abiria wako akipiga simu kwamba ameshatoka na mizigo yake, unawasha, unazunguka hadi mlangoni, unapakia, unaondoka. Ukiliacha gari peke yake, hata kama umekwenda kujisaidia tu, askari wa pale anakufunga gurudumu kwa chuma cha manjano. Askari mwenyewe ni mama mmoja mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Tunamwita Mama Filimbi, ingawa sijui filimbi anaitakia nini mtu mwenye sauti ile.

Dereva ninayetaka kusimulia habari zake hapa tunamwita Foleni. Ni mtu mzima, nywele zimeanza kuwa na mvi masikioni, msema kidogo. Gari lake ni saluni nyeupe ya zamani inayonukia sabuni mwaka mzima. Ndani ya buti ana kitambaa cha vioo na kitambaa cha viti, na ole wako uvichanganye. Kila abiria anayempigia simu kabla ya kusafiri humpa somo lilelile, kwa sauti ya upole: "Usinipigie ndege ikitua. Ndege kutua si wewe kufika. Nipigie begi likiwa mkononi, na mimi nitakuwa mbele yako kabla hujalichoka." Na kweli alikuwa mbele yao. Miaka yote hiyo hakuwahi kununua tiketi ya maegesho ya kulipia, yale yaliyo upande wa kulia wa mzunguko, yanayotazamana na mlango wa abiria. Alikuwa akiyaangalia jinsi mtu aliyeacha sigara anavyomwangalia mvutaji.

Jina la Foleni alilipata kwa haki. Kiwanja cha Bure ni chembamba, kina njia moja ya kuingilia na moja ya kutokea. Zamani kila mtu aliegesha alivyoamka. Abiria wako anakupigia, wewe umezibwa na mtu ambaye ndege yake bado iko mawinguni, naye amelala na viatu amevua. Matusi yalikuwa mengi kuliko magari. Foleni ndiye aliyekuja na mpango wa mistari. Alitupangia vizibo vya soda juu ya boneti, kila kizibo gari: ndege inayotangulia kutua, magari yake mbele, inayofuata, nyuma yake. Na anayetoka ametoka, akirudi anaanzia mkiani, hata awe nani. Hakuna aliyemchagua. Lakini mtu akijipenyeza, Foleni hakugombana naye. Alikwenda tu kusimama mbele ya gari la mtu huyo, akavua miwani na kuanza kuisafisha, polepole, mpaka mwenyewe akarudi nyuma kwa aibu.

Mtu wa namna hiyo ungedhani nyumbani kwake mapokezi ni kitu rahisi. Sivyo. Foleni alikuwa na dada.

Dada huyu ndiye mkubwa wao. Mama yao alifariki Foleni akiwa darasa la chini kabisa, na baba alikuwa mtu wa kazi za mbali, kwa hiyo dada, aliyekuwa binti tu na cherehani ya mkono, ndiye aliyemlea yeye na mdogo wao wa mwisho. Jambo moja Foleni alituambia zaidi ya mara moja, na yeye si mtu wa kurudia maneno. Wakati wa kutoka shule, watu wazima wengine walisubiri watoto wao ng'ambo ya barabara, kivulini. Dada yake alisimama juani, katikati ya lango, ili mtoto akitoka asianze kutafuta.

Sasa mwaka juzi dada alikuja kwa ndege kuwatembelea. Foleni akafanya kazi aliyoizoea. Alikaa Bure, simu juu ya paja, akisubiri apigiwe. Abiria wa ndege ile wakatoka wote, wenzake wakaitwa mmoja mmoja, simu yake ikabaki kimya. Alipoanza kupiga yeye, haikupokelewa. Kumbe dada alitoka, akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mtu wake, akachukua teksi iliyokuwa karibu na kwenda kwa mdogo wao wa mwisho. Huyo anafanya kazi benki na ana nyumba yenye chumba cha wageni ambacho hakilali mtu.

Foleni alieleza. Alieleza habari ya Bure, mistari, Mama Filimbi, na namna alivyokuwa karibu. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye amepokewa na watu wengi maishani lakini hajawahi kupokewa na uzio. Tangu siku hiyo simu zao zikawa za salamu tu. Hujambo, sijambo, watoto, wazima, haya.

Mwaka huu dada akaugua macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Ilibidi aje kupasuliwa, akae kwa mtu wiki kadhaa akitiwa dawa na kuongozwa. Ndugu wote wawili walimtaka, na mtu wa benki alikuwa na nyumba kubwa zaidi. Dada akawatumia ujumbe mmoja: wasigombane, yeye atakaa kwa yule atakayekuwa mlangoni.

Mke wa Foleni akakihamisha kitanda dirishani katika chumba walichokiacha watoto, akafua mapazia, akaondoa zulia dogo ambalo mtu asiyeona vizuri angejikwaa. Asubuhi ya safari alimpigia mumewe pasi shati la samawati na kumwambia mbele ya chai: "Leo usiwe dereva. Leo uwe mdogo mtu. Unaegesha pale pa kulipia, unashuka, unasimama mlangoni kama watu. Umenisikia, baba watoto?"

Akasema amesikia. Na alisikia kweli.

Kilichotokea baada ya hapo yeye mwenyewe hawezi kukieleza vizuri hadi leo. Anasema njiani alikuwa anatunga maneno ya kumwambia dada. Alitaka sentensi moja tu, isiyo na uzio ndani yake. Alipofika kwenye mzunguko alikuwa ameshapata mwanzo wake na anatafuta mwisho, na mkono ukakata kushoto kama unavyokata kila siku. Mama Filimbi akampungia mkono aingie. Akaingia. Akauliza, kama kawaida, nani anasubiri ndege gani, akajipanga kwa haki mahali pake: mbele yake magari ya ndege ya kwanza, yeye na wenzake wa ndege ya pili wakifuata. Nyuma yake likaingia basi dogo la hoteli na kumziba. Akazima injini, akatoa kitambaa, akaanza kupangusa dashibodi.

Hapo ndipo alipoona mkono wa shati lake. La samawati, limepigwa pasi mpaka lina mistari.

Mimi siku hiyo gari langu lilikuwa gereji. Nilikuja Bure hivyo hivyo, maana mazoea yana taabu, nikawa nimekaa ndani ya gari la mwenzetu mmoja tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Redio alikuwa mbele ya Foleni. Tukamwona Foleni anakuja dirishani, anainama, anasema kwa sauti ndogo, "Nimepotea."

Tulicheka. Mtu kupotea Bure ni sawa na kupotea kitandani. Alipotueleza, tukacheka zaidi, kisha tukaacha, kwa sababu wote tulijua habari ya dada.

Tukatazama mbele. Magari yote yaliyotutangulia, na la Redio lenyewe, yalikuwa ya ndege ya kwanza, na ndege ya kwanza ilikuwa imechelewa, habari zilishafika. Wakati tunazungumza, ndege ya pili ikapita juu ya vichwa vyetu ikiwa imeshatoa magurudumu. Foleni aliisindikiza kwa macho mpaka ikajificha nyuma ya jengo.

"Kinyozi hajinyoi, mzee," Redio akasema. "Watu wa dunia nzima umewapokea. Dada yako anakwenda benki tena."

Dereva mmoja wa mstari wa pili akatoa kichwa na kuuliza kwa sauti: "Hebu nikumbusheni, anayetoka ametoka, akirudi anaanzia mkiani. Nani vile alisema?"

"Mimi," Foleni akajibu.

"Aa. Nilidhani nimesahau."

Lakini utani ni utani. Nikasikia injini zinawashwa mbele, moja, kisha nyingine. Wale wa mbele walikuwa tayari kutoka wote ili apite, waende wakaanzie mkiani, na wengine walikuwa wamefika tangu alfajiri. Foleni akainua mkono akawakataza. Alisema hawezi kuwarudisha watu wote wale nyuma kwa sababu ya usukani wake mwenyewe kukosa akili.

"Basi nenda kwa miguu," Redio akasema, na watu wakacheka tena, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha. Kutoka Bure hadi mlango wa abiria si mbali, jengo unaliona, lakini njia ya miguu hakuna. Kuna ukingo wa mtaro, majani na matope. Hakuna dereva aliyewahi kupita. Dereva kwa miguu ni kama mvuvi kwenda kununua samaki.

Foleni hakucheka. Aliutazama ufunguo mkononi kama ni wa mtu mwingine, kisha akanikabidhi.

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukalia kiti kile zaidi yake. "Kaa," akaniambia. "Usiguse redio. Usisogeze kiti." Nikakaa, magoti yamenibana kwenye usukani, kwa sababu yeye ni mfupi. Mama Filimbi akaja mbio, akamtazama Foleni aliyeko nje, akanitazama mimi niliyeko ndani. Masharti yanasema gari lisikae bila mtu. Hayasemi mtu yupi. "Mtu yumo," akasema, akaendelea na safari yake.

Foleni akaushika ukingo wa mtaro. Nikamwona kwenye kioo cha pembeni, na nikagundua kwamba miaka yote ile sikuwahi kumwona akienda mwendo wa haraka. Mguu wake wa kushoto unatazama nje. Anatembea kama mtu anayesukuma mlango kwa kiatu.

Yaliyotokea mlangoni nimeyapata kwake na kwa dada yake, na mahali wanapotofautiana nimemwamini dada.

Alifika viatu vimejaa matope, pindo za suruali zimeshika majani. Watu walikuwa wamejaa kwenye reli, naye hakujua namna ya kusimama. Maisha yake yote ya kazi alipokea watu akiwa amekaa. Alijaribu kuweka mikono mfukoni, akaitoa, akaishikanisha nyuma kama mwalimu wa zamu. Kisha akaona, ubavuni mwake, karatasi ngumu nyeupe yenye jina la dada yake limepigwa chapa kwa herufi kubwa nzuri. Aliyeishika alikuwa mwanamume mwenye tai, dereva wa ofisi.

Foleni akamuuliza anamsubiri nani. Yule akasema ameagizwa na bosi wake wa benki, aliye kwenye kikao, ampokee mama yake.

"Si mama yake," Foleni akasema. "Ni dada yake. Na ni dada yangu mimi pia."

Mwenye tai akavitazama viatu vya Foleni, akakiinua kibao juu zaidi kidogo.

Dada akatoka. Alikuwa anasukuma kitoroli taratibu, kichwa kimeinama mbele kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, macho ameyabana. Alipita mbele ya kile kibao karibu kiasi kwamba ncha yake ilimgusa bega, asione hata herufi moja. Foleni alikuwa amejiandaa kuita. Sauti ikagoma, na ile sentensi aliyoitunga barabarani, mwanzo wake na mwisho wake, ikapotea yote. Dada akaenda hadi mwisho wa reli, akasimama. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Foleni anasema mwaka juzi mzima na mwaka jana mzima alikuwa anamwona dada yake akifanya hivyo hivyo, usiku kabla ya kulala, na sasa alikuwa anamwona kwa macho.

Akaacha reli. Akazunguka umati, akatoka mahali peupe, juani, akaanza kumwendea.

Dada anasema aliona kivuli tu, kitu cha samawati kisicho na sura, kama nguo iliyoachwa kambani. Lakini kilikuwa kinatembea. Na kabla hakijafika akasema, "Huo mguu naujua."

Foleni akampokea kitoroli. Wakashikana mikono, hawakuachiana, wakasimama hivyo katikati ya njia watu wakiwakwepa. Halafu dada akauliza gari liko wapi.

"Nimeliacha."

"Umeliacha wapi?"

"Huko. Nimekuja kwa miguu."

 Ukoo mzima unajua kwamba Foleni harusini hula amesimama dirishani ili alione gari lake. Dada akaanza kucheka, cheko la kukohoa, mpaka akapangusa yale macho mabovu kwa ncha ya mtandio. Foleni akamwomba akae kwenye benchi asubiri mstari ufunguke, alilete. Dada akasema amekaa kwenye ndege mpaka miguu imesahau kazi. "Twende huko huko ulikoliacha. Nishike mkono tu, nisije nikatumbukia."

Mwenye tai akawafikia hapo, kibao mkononi, akaeleza kwa adabu kwamba gari la bosi liko hapa karibu, lina hewa baridi. Dada akamuuliza yeye ni nani kwao, akajibu ni dereva.

"Mwambie bosi wako ahsante, dada yake ameshapokewa," dada akasema. "Lakini wewe baba una mabega. Hili begi ni zito."

Kwa hiyo mimi, nikiwa nimebanwa kwenye kiti cha Foleni, nikaona kwenye kioo cha pembeni msafara ambao Bure haikuwahi kuuona. Mbele, Foleni anatembea kinyumenyume kwenye ukingo wa mtaro, amemshika dada yake mikono yote miwili. Nyuma, mwanamume mwenye tai amebeba begi begani, na kibao chenye jina amekibana kwapani. Redio alinyamaza. Naandika hivyo kwa sababu sijui kama nitapata nafasi ya kuandika tena.

Nilishuka, dada akakaa kiti cha mbele. Madereva wakaja dirishani kusalimu, shikamoo dada, shikamoo mama, naye akaitikia kila mmoja. Walipotawanyika akamuuliza mdogo wake, "Ndipo hapa ulipokuwa siku ile?"

"Mstari huuhuu. Karibu na nguzo ile."

Akageuka upande walikotoka. Akauliza kile cheupe kirefu ni kitu gani. Foleni akamwambia ni paa la mlango aliotokea.

"Karibu hivyo?"

"Karibu hivyo, dada."

Alikitazama kile cheupe kwa muda. Kisha akasema, na mimi nilikuwa bado nimesimama karibu nikitafuta namna ya kuondoka bila kuonekana naondoka, kwamba siku ile simu ilikuwa mkononi. Aliitoa. Hakuziona namba, macho yalikuwa yameshaanza, hajamwambia mtu. Simu ilipolia alikuwa ndani ya teksi, akaiacha ilie, kwa hasira. Na pale mlangoni aliona aibu kumwomba mgeni ampigie.

"Basi siku ile tulikuwa vipofu wawili," akasema. "Usimwambie mdogo wako."

 Foleni akatoa kitambaa, kile cha vioo, akashuka, akaanza kusafisha kioo cha upande wa dada yake, ambacho hakikuwa na vumbi.

Ndege ya kwanza ikatua. Simu zikaanza kulia, mistari ikasogea, wa mbele wakatoka mmoja mmoja kwa utaratibu. Redio akaitwa, nami nikabaki. Zamu ya Foleni ilipofika dada alikuwa amemshika dereva mmoja mkono kupitia dirishani, anamhadithia ule mguu: namna mdogo wake alivyopanda paa la jirani kufuata mpira, akashuka kwa njia ya mkato, na yeye akambeba mgongoni hadi hospitali huku akimgombeza njia nzima. Nafasi mbele ilikuwa wazi. Basi la hoteli likapiga honi.

"Ngojeni nimalize," dada akasema.

Na Foleni, mwenye mistari, akangoja. Alikaa mikono juu ya usukani, injini inanguruma, foleni nzima nyuma yake, mpaka hadithi ikafika hospitali na mtoto akafungwa bandeji. Mama Filimbi alikuja mpaka karibu na dirisha. Naye akasikiliza mwisho.

Walipokuwa wanatoka langoni Foleni akamuuliza dada yake, maana ilimlazimu kuuliza, aelekee wapi, kwake au kwa mdogo wao. Dada akafunga dirisha kwanza.

"Mimi nimeshafika," akasema. "Wewe endesha."

Yule mwenye tai alibaki amesimama nasi, anajipangusa majani kwenye suruali. Gari la bosi wake lilikuwa kule kulia, pa kulipia, saa ya malipo inaendelea kuhesabu. Alikitazama kiwanja, mistari, na Mama Filimbi aliyekuwa ameshageukia gari lingine, kisha akaniuliza kama ni kweli hapa hawalipishi. Nikamwambia ni kweli. Wiki iliyofuata alikuja. Tulimwonyesha mkia uko wapi.